Safu ya Shangazi

Yule mzee aliitwa Stempu kwa sababu alikuwa amekaa miaka thelathini na minne nyuma ya dirisha la posta. Hata alipoletwa kwenye makao ya wazee, amekonda, saratani imeshaingia mifupani, bado aliwapokea watu kama wanaotoka kwenye foleni. Mhudumu akija kumbadilishia shuka, yeye husema, "Karibu, nikusaidie nini?" Alipewa chumba cha tatu upande wa kushoto, kitanda cha pembeni karibu na dirisha, akashukuru, akasema kwamba tangu azaliwe hajawahi kukosa dirisha.

Mzee Stempu alikuwa na mafaili mawili. La bluu lilikuwa la makao, nalo lilikaa kwenye kabati la chuma ofisini. La kijani lilikuwa la hospisi, ile huduma inayowafuata wagonjwa ambao dawa ya kuwaponya haipo tena na kilichobaki ni kuwatuliza. Hilo la kijani lilikuja kila Jumanne na Ijumaa ndani ya mkoba wa muuguzi wa hospisi, na likaondoka naye. Mafaili hayo yalimhusu mtu mmoja, lakini hayakuwahi kulala nyumba moja.

Mwenye kabati alikuwa muuguzi mkuu wa makao, mwanamke wa makamo ambaye wafanyakazi walimwita Sista Funguo kwa sababu ulizisikia funguo kiunoni mwake kabla hujamwona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewafunga macho wazee wengi wasiokuwa na ndugu, na wengine aliwanunulia sanda kwa mshahara wake. Lakini katika miaka ishirini na miwili alishaona wageni wengi wakija na ahadi na fulana za bure, kisha wakayeyuka kama sabuni. Watu wa hospisi walipokuja, aliwapokea kwa meno tu.

"Wao wanakuja saa moja, wanamshika mgonjwa mkono, ndugu wanawashukuru," aliwaambia wenzake. "Sisi tunaofua mashuka tunaulizwa mbona hayajakauka."

Muuguzi wa hospisi alikuwa binti wa miaka thelathini hivi. Wazee walimwita Mkoba. Alikuwa na wagonjwa thelathini na mmoja waliotawanyika mji mzima, viatu vyake vilikuwa vimeliwa upande mmoja, na aliandika upesi kwa mwandiko safi kama wa kitabuni. Aliamini faili lake kwa sababu kila neno lililokuwemo aliliandika mwenyewe.

Wa tatu alikuwa mhudumu wa kuogesha na kulisha. Huyu hakuwa na ndugu pale, lakini kila mtu alimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Shule aliiacha darasa la tano. Alijua nani anapenda maji ya moto na nani ya uvuguvugu, nani anahitaji kuimbiwa ili ameze, na nani akinyamaza ujue kuna jambo.

Siku za Mkoba, Mzee Stempu alijiandaa kama mtu anayekwenda kazini. Alitaka shati la kola, alitaka ndevu zinyolewe, alitaka mto uwekwe wima. Dawa yake ya maumivu, morfini ya maji, ilitolewa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, na kuendelea. Mkoba alifika kama saa tano. Saa hiyo dawa ya saa nne ilikuwa imekolea sawasawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu dirishani."

"Maumivu yakoje? Tukisema sifuri ni hakuna kabisa, na kumi ni yasiyovumilika."

"Weka mbili."

"Mbili kweli?"

"Mbili, na muhuri juu yake."

"Na choo unapata?"

"Huduma zinaendelea kama kawaida."

Mkoba akacheka, akaandika: maumivu mbili, choo kawaida.

Mzee hakusema uongo kwa ujinga. Kule hospitali alikotoka, jirani yake wa kitanda alimwambia kwamba ukiona wanakuongezea yale maji, jua wameshakukatia tiketi. Neno hilo lilimwingia. Akapiga hesabu zake kimya kimya: akitaja namba ndogo, dozi haitaongezwa, na dozi isipoongezwa, siku nazo hazitapungua. Waliosema mficha maradhi kilio humuumbua hawakumjua yeye, maana yeye alikuwa bingwa wa kuficha.

Aliyeshindwa kumficha ni Shangazi.

Utaratibu wa makao ulikuwa kwamba zamu ya usiku iwakabidhi wazee wakiwa wameshaoga. Kwa hiyo Shangazi aliingia na beseni saa kumi na mbili kasoro robo, wakati dawa ya usiku imeshakwisha nguvu na ya asubuhi bado haijatoka kwenye kabati la dawa. Alipomgeuza upande wa kushoto, mzee alijikaza kisabuni, akachukua ncha ya taulo akaiuma.

"Mzee, unaumia."

"Kidogo. Wewe osha."

"Nikuitie muuguzi?"

"Uwaamshe watu kwa ajili ya mfupa mmoja? Osha, mama, maji yanapoa."

Shangazi alimwambia Sista Funguo wakati wa kukabidhiana zamu. Sista akaitikia kwa kichwa, akasema Mkoba akija atamweleza. Lakini Jumanne tangi la maji lilipasuka, Ijumaa mkaguzi wa moto alikuja bila taarifa, na Jumanne iliyofuata Sista mwenyewe hakukumbuka tena. Kila asubuhi alifungua faili la bluu akaandika kama alivyoandika kwa kila mzee: Ameoga. Amekunywa chai. Ametulia.

Wiki ya tatu, Mkoba aliona jasho juu ya mdomo wa mzee wakati mdomo wenyewe ukisema mbili. Hakubishana naye. Aliongeza dozi kutoka mililita tano hadi saba na nusu, na akaongeza dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa morfini hufunga tumbo. Sista Funguo alikuwa ameshaandika ya asubuhi akarudi nyumbani mapema siku hiyo, na kabati la mafaili limefungwa. Mkoba akamkuta muuguzi wa zamu, msichana mgeni kazini, anasukuma toroli kwenye ujia. Akamweleza. Msichana akaandika kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfukoni. Hajafika mwisho wa ujia, bibi mmoja akateleza bafuni, watu wakakimbia, na jioni ile sare ikapelekwa kufuliwa. Agizo la Mkoba likalowekwa, likakamuliwa, likaanikwa.

Kwenye faili la kijani palikuwa pameandikwa: Dozi imeongezwa. Wauguzi wamearifiwa. Na kweli walikuwa wamearifiwa. Ijumaa iliyofuata Mkoba hakuja, kwa sababu alikuwa na mgonjwa aliyekuwa akikata roho upande mwingine wa mji.

Mzee Stempu alikuwa na binti mmoja, msusi mwenye saluni ndogo, ambaye kwa kawaida alikuja Jumapili mchana. Jumamosi hiyo alikuwa na bibi harusi wa kumpamba, kwa hiyo akapita alfajiri kuacha nguo safi za baba yake. Alikuwa ameshafika kwenye ujia aliposikia sauti. Alidhani kuna mtoto mle ndani. Kisha akatambua kwamba sauti inatoka chumba cha tatu kushoto.

Alipofungua mlango, Shangazi alikuwa amemkumbatia mzee begani, taulo limeanguka sakafuni. Mzee alimwona binti yake, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mwanangu, mbona mapema? Posta haijafunguliwa."

 Binti aliweka nguo kitandani, akambusu baba yake kwenye paji la uso, akaenda ofisini. Sista Funguo alikuwa ndiyo kwanza anavua koti.

"Sista, naomba nione mlichoandika kuhusu baba yangu."

Kuna namna ya kuomba ambayo haiachi nafasi ya kukataliwa. Sista akafungua kabati. Binti akasoma, akigeuza kurasa polepole kwa vidole vilivyonuka mafuta ya nywele.

"Ametulia," alisoma. "Ametulia. Ametulia. Siku ishirini na moja, Sista, ametulia. Mimi nimetoka kumsikia sasa hivi. Huko ndiko kutulia?"

 Sista Funguo angeweza kusema mengi, kwamba wazee ni arobaini na wauguzi ni watatu, na yote yangekuwa kweli.  Badala yake alichukua simu, akampigia Mkoba.

Mkoba alifika saa tatu kasoro, viatu vimelowa. Mzee alikuwa ameshapewa dawa yake ya asubuhi, amelala. Walikaa ofisini watu watatu, na Shangazi, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, akasimama mlangoni na beseni lake kwa sababu hakuna aliyemwambia aende wala abaki.

"Lakini Jumanne niliongeza dozi," Mkoba alisema. "Hapewi?"

"Dozi gani?" Sista aliuliza.

Mkoba akamfungulia faili la kijani. Sista akasoma, akaita yule muuguzi msichana. Msichana alipoulizwa, aligusa mfuko wa kulia wa sare yake, akagusa wa kushoto, sare iliyonyooshwa pasi vizuri kabisa, kisha machozi yakamlenga. Sista akamwambia akae chini, akamgeukia Mkoba.

"Kwenu agizo la dawa linatolewa njiani kama salamu?"

"Ningeliandika wapi, Sista? Faili lenu limo kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa kiunoni mwako, nyumbani kwako."

"Kabati lile lina siri za wagonjwa. Si la viazi."

"Najua. Na mgonjwa wangu ana maumivu. Naye si wa viazi."

Binti aliwaacha wakavutana kwa muda. Kisha akayaweka mafaili mawili sambamba mezani, akatafuta tarehe ya Jumanne katika yote mawili.

"Hili linasema mbili kwa kumi. Hili linasema ametulia," alisema. "Mmoja wenu alimwona saa tano. Mwingine sijui alimwona saa ngapi." Akainua macho. "Shangazi, wewe Jumanne ulimwonaje?"

Shangazi alihamisha beseni kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Jumanne aliuma taulo nilipomgeuza kushoto. Kulia kuna nafuu. Jumatano hakutaka taulo, akanishika mkono, alama hii hapa. Alhamisi alinikatalia mgongo, akaniambia umeshaoshwa na mwingine. Jana alilia bila sauti. Leo mmesikia. Na choo hajapata tangu Jumatatu. Nikimuuliza ananiambia mzigo umekwama njiani."

 Mkoba alikuwa ameinua kalamu, na kalamu ikabaki hewani.

"Haya yote mbona hayajaandikwa?" aliuliza.

"Nilimwambia Sista," Shangazi alisema, bila kinyongo, kama mtu anayesema mvua ilinyesha. "Na kuandika, mwanangu, pale hakuna safu yangu."

Sista Funguo akaliangalia faili la bluu. Palikuwa na safu ya joto la mwili, ya mapigo ya moyo, ya dawa, ya daktari, ya sahihi ya muuguzi. Ya mtu anayemgeuza mgonjwa haikuwepo. Alikuwa ameipiga mistari yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, kwa rula.

"Anaoga saa ngapi?" Mkoba aliuliza ghafla.

"Saa kumi na mbili kasoro robo," Shangazi alijibu.

"Na dawa ya asubuhi?"

"Saa kumi na mbili," Sista alisema. "Wakishaoga."

Mkoba aliweka kalamu mezani. "Dawa hii inataka nusu saa ili ishike, mara nyingine saa nzima. Mnamgeuza wakati hana kitu mwilini. Na mimi nimekuwa nikimuuliza wakati dawa imejaa." Alijishika kichwa. "Sikuwahi kuuliza anaoga saa ngapi."

"Mimi nilijua saa zote mbili," Sista alisema taratibu. "Ya kuoga naijua, ya dawa naijua. Ila sikuzipambanisha."

"Si aogeshwe saa moja?" Shangazi alisema. "Mimi naweza kumsubiri."

Watu watatu wenye elimu ya kutosha walimtazama mwanamke wa darasa la tano, wakaona aibu kidogo, kila mmoja kwa kiasi chake. Sista alisema hatamsubirisha baada ya zamu, bali atamhamishia zamu ya asubuhi kuanzia kesho. Kabla ya mchana dozi mpya, pamoja na dawa ya kulainisha choo, ilikuwa imeandikwa kwenye faili la bluu kwa mkono wa Mkoba mwenyewe, na Sista akatia sahihi chini yake.

Jumapili saa moja asubuhi, Shangazi alimgeuza Mzee Stempu kushoto. Mzee alikuwa ameshaandaa taulo mkononi. Alilishikilia mpaka mwisho, halikwenda mdomoni.

"Umeniosha au umenipangusa tu?" aliuliza.

"Nimekuosha."

"Mbona sikupata habari?"

Mchana huo Sista Funguo alifanya jambo ambalo wafanyakazi walilizungumza wiki nzima: aliketi juu ya kitanda cha mgonjwa. Aliketi ukingoni, mikono magotini.

"Mzee, siku ishirini na moja nimekuandika umetulia, na hukuwa umetulia. Naomba unisamehe."



"Na mimi nimemwambia yule binti wa mkoba mbili, na ilikuwa nane," alisema Mzee Stempu. "Tumedanganyana wote. Hakuna anayemdai mwenzake." Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akamweleza habari ya jirani yake wa hospitali na ile tiketi.

Sista hakumcheka. Alimwita Mkoba Jumanne, na Mkoba akakaa upande wa pili wa kitanda, akamweleza mzee kwamba dozi inafuata maumivu, haifuati kalenda. Akamwambia ana mgonjwa anayekunywa mara tatu ya ile yake na bado anamchunga mjukuu. Mzee aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Mwisho akasema, "Basi andika ukweli. Leo ni tatu. Na tatu yenyewe ni ya kweli."

Kazi ya kugawana uandishi ilikuwa ngumu kuliko kuomba radhi. Sista Funguo na Mkoba walikaa kwenye ukumbi wa kulia chakula na rula na karatasi, wakavutana mpaka chai ikapoa. Sista alitaka kila kitu kiandikwe na watu wa makao, kwa kuwa wao ndio wako pale usiku na mchana. Mkoba alisema yeye ndiye atakayeulizwa kuhusu dawa, hawezi kutia sahihi kwa macho ya mtu mwingine. Mmoja akafuta, mwingine akachora upya. Shangazi alipopita na bakuli tupu aliwaambia kwamba karatasi ikizidi kuchubuliwa itatoboka.

Mwishowe walikubaliana. Mkoba angeandika ziara yake kwa karatasi ya kaboni, nakala moja ibaki kwenye faili la bluu kabla hajatoka getini. Dozi ikibadilika, inaandikwa, inasomwa kwa sauti, na wawili wanatia sahihi, hata kama mmoja wao ana haraka. Muuguzi wa makao anaandika saa ya dawa baada ya mgonjwa kumeza, si kabla. Kila Ijumaa wanakaa nusu saa, mafaili yote mawili yakiwa wazi. Na pale kitandani ingening'inia karatasi moja ya wote, ambayo safu yake pana kuliko zote haikuwa ya muuguzi yeyote.

Waliipeleka kwa mwenyewe aione. Mzee Stempu akavaa miwani.

"Nzuri," alisema. "Ila mmesahau mpokeaji. Huyu anayeondoka zamu katia sahihi. Anayeingia je? Hivi ndivyo mifuko ya barua inavyopotea, kila mtu anasema nilikabidhi."

Wakaongeza mstari.

Aliyebaki na hofu ni Shangazi. Alimfuata Sista stoo.

"Mwandiko wangu ni wa kuku anayeparura. Mtanicheka."

"Andika unavyosema," Sista alimwambia. "Usitafute maneno ya ofisini."

Asubuhi iliyofuata Sista Funguo aliikuta karatasi kitandani. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimeegemeana kama watu waliochoka: "saa moja na robo. nimemgeuza kushoto kasema taratibu. hajauma taulo. mgongo mzima ila kiuno chekundu kama sarafu. choo bado siku ya tisa. kaniambia mimi nimezeeka."

Sista alikuwa ameshatoa kalamu nyekundu, kwa mazoea tu. Akaitazama ile kalamu, akairudisha mfukoni. Akaenda kukiona kiuno, akampangia mzee kugeuzwa kila baada ya saa mbili kabla ngozi haijachanika. Kisha akampigia Mkoba simu kuhusu zile siku tisa, maana dawa ya kulainisha haikuwa imetosha, na Mkoba akaja siku hiyohiyo. Mambo yaliyofuata hayana haja ya kusimuliwa, ila kesho yake safu ya Shangazi ilisema: "mzigo umefika. mzee kafurahi sana."

Mkoba alisoma mara mbili. "Mwezi huu sijapata taarifa nzuri kuliko hii," alisema, na hakuwa anatania.

Haikuwa kwamba kila kitu kilinyooka. Alasiri moja Sista Funguo mwenyewe alitia sahihi ya dawa ya saa nane kabla ya wakati, ili asisahau, na simu ikaita, na akasahau. Aliporudi chumbani alikuta maandishi mapya: "saa tisa. mzee anasema bado hajapewa. karatasi inasema tayari. mimi namwamini mzee."

Sista alisimama pale, akayasoma. Shangazi alikuwa akikunja mashuka pembeni, hamwangalii. Wenzake waliokuwa mlangoni walijua vizuri hasira za yule mama, wakaanza kutafuta kazi za kufanya mahali pengine. Sista akalinganisha chupa na daftari la dawa, akaona kweli dozi moja haijatoka. Akampa mzee dawa. Kisha akaandika chini ya maneno ya Shangazi: "Ni kweli. Nilitia sahihi kabla ya kutoa. Dawa imetolewa saa tisa na dakika kumi. Kosa ni langu." Akatia sahihi, safari hii kwa jina lake kamili.

Ukurasa huo ndio Mkoba aliomba kunakili. Mkuu wake wa hospisi alikuwa amelalamika kwamba mhudumu asiye na cheti hawezi kuandika kwenye kumbukumbu za mgonjwa. Mkoba alimwekea ukurasa mezani, akamwomba asome. Mkuu akasoma, akakuna kidevu, akasema waendelee kwa miezi mitatu ya majaribio. Miezi mitatu ilipokwisha hakuna aliyemkumbusha, na yeye hakuuliza.

Mzee Stempu aliishi wiki tisa baada ya ile Jumamosi. Katika wiki hizo alikaa kwenye kiti barazani, alicheza karata na akashitakiwa kwa wizi wa karata, alimfundisha yule muuguzi msichana kufunga kifurushi kisichofunguka. Namba zake zilikuwa tatu, mara nyingine nne, siku moja saba, na siku hiyo ya namba saba simu ilipigwa na dozi ikabadilishwa na watu wawili wakatia sahihi. Alifariki Alhamisi moja asubuhi, binti yake amemshika mkono. Shangazi aliandika: "saa nne na dakika kumi. binti yuko. uso hauna mkunjo."

Mwezi mmoja baadaye yule msusi alirudi makao. Alisema hakuja kulalamika. Alitaka, kama inaruhusiwa, kuisoma ile safu tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa akimwona baba yake Jumapili tu na siku nyingine hazijui. Sista Funguo alimtolea karatasi zote, akampeleka kwenye benchi la uani, mahali penye kivuli cha ukuta. Wakati huo wazee wengine watano walikuwa na karatasi kitandani, na wahudumu wawili zaidi walikuwa wakiandika, mmoja wao kwa mwandiko mbaya kuliko wa Shangazi.

Shangazi alipomaliza kuanika alikwenda kumsalimia. Akamkuta binti anacheka peke yake, mashavu yamelowa.

"Shangazi, hapa umeandika 'kaimba'. Aliimba nini?"

"Sikuujua. Ulikuwa wa mtu anayesubiri treni. Kila akifika katikati anasahau, anarudi mwanzo."

"Huo aliniimbia akinisuka," binti alisema. "Mama hakuwa na subira na nywele zangu. Baba ndiye aliyenisuka mpaka nimefika darasa la saba, kabla ya kwenda kazini. Ndiye aliyenifundisha kazi hii." Akageuza ukurasa, akausogeza karibu na macho. "Na hapa? Hapa sioni vizuri, umeandika nini?"

Akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi. Shangazi alijifuta mikono kwenye kanga, akaketi, akaichukua karatasi. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kumsomea.